Tundu la Kushoto

Nilikwenda kwenye arobaini ya shemeji yangu Idi nikiwa sijamlilia, na niseme mapema ili nisimpotezee mtu muda: hata niliporudi Dodoma sikuwa nimemlilia. Mazishi yake sikuhudhuria. Nilituma ujumbe kwamba gari langu limeharibika njiani, uongo wa kitoto kwa mtu mwenye gereji ya bodi na magari manne ya kuazima. Siku ya arobaini dada Mwajuma alinipigia mwenyewe. "Hamisi, njoo ule pilau ya mwenzio. Ameshakufa, hawezi kukufukuza tena." Nikaenda. Nilipoingia uani kwao Unyambwa, Singida, nilimkuta Mzee Salumu, rafiki wa marehemu, amekaa kwenye jamvi anawasimulia watu huku akinyoosha kidole kwenye gari la rangi ya fedha lililopandishwa juu ya mawe kando ya choo. "Marehemu alikuwa na akili yake peke yake," alikuwa akisema. "Yale matundu mawili ya bampa mnayoyaona pale, yalikuja kutoka Japani yameziba, pambo tupu. Akayatoboa mwenyewe, hapahapa, ili upepo upoze breki. Tangu siku hiyo mlima Sekenke alikuwa anashuka breki baridi kama maji ya mtungini." Watu wakaitikia, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa nimeshapewa sahani, nikaiweka chini. Tundu la kushoto nililitoboa mimi. Kwa ajili ya tundu hilo nilifukuzwa nyumba ile, na kwa miaka kumi na minane ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba tundu la Hamisi ndilo lililovunja mkono wa dada yake. Hata mimi nilikuwa najua hivyo. Leo limekuwa sifa ya marehemu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha bodi na rangi, sina pa kukaa mjini ila kwa dada. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini kidogo ya bati, kwa hiyo neno likisemwa chumbani kwa wenye nyumba lilipanda, likavuka, likanidondokea mimi kitandani. Chumba changu kilikuwa ndicho ghala la shemeji. Nililala kati ya marobota ya vitenge, na mpaka leo nikiingia duka la nguo, ile harufu ya rangi mpya inanitia hasira kabla sijajua kwa nini. Idi alikuwa akiuza vitenge minadani, na kila Alhamisi alivuka Sekenke kwenda Igunga. Alijihesabu mtu wa mjini, na sisi ndugu wa mke wake tulikuwa washamba. Nikisema neno kwa lafudhi ya kwetu alilirudia polepole mbele ya wageni, mpaka wacheke. Siku za kawaida tulikula ugali wa uwele na mlenda, Ijumaa kuku. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hilo halina ubishi, lakini Idi alikuwa na tabia ya kuikata vipande vidogo na kuwagawia wageni mmoja mmoja kwa mkono wake, akinifikia mimi anapangusa vidole. Nilikuwa nakula shingo. Nilikula shingo za kuku mwaka mzima.

Gari lilikuja mwezi wa pili wa kukaa kwangu pale. Lilikuwa mtumba lakini lilikuwa zuri, sikatai. Chini ya taa za mbele, kila upande, bampa lilikuwa na tundu pana jeusi lenye vyumba vyumba kama sega la nyuki, na hayo matundu ndiyo yaliyomlevya Idi kuliko injini. Alikuwa akiyasugua kwa mswaki wa zamani na sabuni ya unga. Ijumaa ya kwanza baada ya gari kufika, wageni walipomaliza kula, aliwatoa nje wakalione, Mzee Salumu akiwamo. Akasema matundu yale ni ya kuvuta upepo, kwamba upepo unaingia pale, unapita ndani, unapoza breki za mbele, na magari yote mengine ya Singida hayana. Mimi nilichuchumaa, nikapeleka kidole kwenye sega. Hakikupita. Nyuma ya vile vyumba kulikuwa na plastiki ngumu, kipande kimoja na bampa.

"Shem," nikasema, "haya matundu ni kama meno ya bandia. Yanacheka lakini hayatafuni."

Wageni walicheka mpaka Mzee Salumu akashika mbavu. Nami nilikuwa na haki ya kusema. Mume wa dada ni mtani wangu, na kwetu mtani husema lolote, akatukana, akachukua kofia yako ukiwa umeivaa, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kasoro. Idi naye alicheka siku ile, lakini kwa meno tu. Idi na dada walipojilaza baada ya wageni kuondoka nilisikia maneno yakivuka ukuta. "Mdogo wako kanivua nguo mbele ya watu." Dada akajibu, "Si utani, baba Zena? Kwani wewe humtanii?" Idi akasema, "Utani una mpaka. Kaniita mwongo nyumbani kwangu, kashiba ugali wangu." Nilikuwa kijana mpumbavu. Niliyasikia maneno hayo nikafurahi.

Kuanzia hapo haikuwa nyumba tena. Nikisema shikamoo aliitikia ukutani. Nami sikuwa malaika: nikipita mbele ya gari niligonga plastiki ya tundu kwa kucha, ko ko, kama mtu anayebisha hodi, nikihakikisha amenisikia. Halafu Alhamisi moja msaidizi wake aliumwa, ikabidi niende naye Igunga kubeba marobota. Gari lilikuwa limejaa, abiria watano na mizigo yetu. Tulipofika Sekenke, pale barabara inapoanza kuinama, nilimwona anasogeza gia kwenye frii. Gari likaanza kushuka lenyewe, injini haishikilii kitu, uzito wote uko kwenye breki. Alikuwa anakanyaga tangu juu mpaka chini, kona kwa kona, na katikati ya mlima harufu ikaanza kuingia ndani, ile harufu ya breki inayofanana na sufuria iliyosahauliwa motoni. Mama mmoja wa nyuma alianza kusoma dua kwa sauti. Tulipofika bondeni magurudumu ya mbele yalikuwa yanafuka moshi, na Idi akashuka na dumu, akayamwagia maji.

"Shem, usishuke frii," nilimwambia. "Weka gia ndogo, injini ikushikilie."

"Mafuta unanunua wewe?"

"Breki zinaungua."

"Si unasema gari langu la bandia? Basi na moto wake ni wa bandia."

Abiria wakamcheka nani? Mimi. Niliporudi nyumbani nilikuwa na jambo moja tu kichwani, na leo nakiri halikuwa usalama wa mtu yeyote. Nilitaka yale matundu yawe kweli. Nilitaka nimfanyie yeye kile alichodanganya watu kwamba anacho, halafu aishi akijua nani alifanya. Nilimwomba aniachie bampa siku mbili. Alinijibu bila kuniangalia kwamba nikiligusa gari lake, yeye atanigusa mimi.

Nafasi ilikuja alipofiwa huko kijiji cha Ulemo, akaondoka na Mzee Salumu kwa gari la mzee, wakasema watakaa siku tatu. Dada aliniona nimeshika bisibisi akasema, "Mimi sijaona kitu," akaingia jikoni. Nilifungua bampa, nikang'oa klipu moja moja kwa ustaarabu, kwa sababu klipu zikikatika bampa halikai tena. Nililibana kwa magoti juu ya gunia la pumba. Nilichoma msumari kwenye jiko la mkaa nikatoboa pembe nne za sega la kushoto, halafu nikapitisha bapa la msumeno wa chuma nililolizungushia kitambaa, nikakata nyuma ya vile vyumba taratibu, nikifuata ukingo. Plastiki ya baridi hupasuka, kwa hiyo kila baada ya muda niliipasha moto kwa kisu cha moto. Nikasugua kwa msasa mpaka ukingo ukawa laini kama wa kiwandani. Nyuma yake nikaweka wavu wa chekeche la dada la unga, mbegu za alizeti na mawe yasiingie. Bomba nilikuwa nimelipata kwa wakulima wa vitunguu Mwankoko, kipande cha lile bomba lenye mikunjo la pampu ya bustani. Nilitoboa plastiki ya ndani ya madigadi, ile inayofunika gurudumu kwa juu, nikalipitisha, nikalifunga kwa waya, mdomo wake ukaitazama diski ya breki kwa upana wa kiganja. Dada alikuwa amerudi, kasimama. "Sasa utajuaje kama upepo unafika?" akauliza. Nilimwomba chetezo. Akatia udi kwenye makaa, akakishika mbele ya tundu, mimi nikapepea kwa mfuniko wa sufuria. Nilikuwa nimetoa gurudumu. Moshi wa udi uliingia kwenye bampa, ukapotea, halafu ukatokea kwenye diski, mweupe, umenyooka. Dada alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo. Hiyo ndiyo furaha pekee ninayoikumbuka ya mwaka ule.

Idi alirudi siku ya pili mchana, siku moja kabla ya ile waliyosema. Nilikuwa nimeshachora mstari upande wa kulia na msumari uko motoni.

"Nani kakutuma?"

"Shem, njoo uone kwanza. La kushoto limekwisha, linafanya kazi. Nipe mpaka jioni tu."

"Nimekuuliza nani kakutuma kukata gari langu!"

"Si ulisema yanavuta upepo? Sasa yanavuta."

Sikupaswa kusema hivyo, na nilijua sipaswi. Alichukua bapa la msumeno akalikunja likakatika vipande viwili, akanyoosha kidole kwenye bampa. "Lirudishe. Kama lilivyo. Halafu usiliguse mpaka nife." Nikalirudisha, kushoto wazi, kulia kumeziba. Nikifunga skrubu ya mwisho nilikuwa nikiwaza kama nilivyofundishwa: breki moja ikipoa na nyingine ikiungua, ile baridi itashika zaidi, na gari litavuta upande wake. Dawa yake ilikuwa tambara moja. Ningelisokomeza kwenye tundu kwa dakika moja, mambo yakaisha. Sikulisokomeza. Nilitaka aje aniombe. Kipande cha bomba kilichobaki nilikitupa chini ya kitanda.

Alhamisi iliyofuata dada alikwenda naye Igunga kumsaidia kuuza. Saa nane mchana Mzee Salumu alikuja mbio kuniambia gari limeingia mtaroni Sekenke. Lilikuwa limevuta kushoto kwenye kona, likasugua ukingo wa mawe, likadumbukia. Wengine waliokuwamo walitoka na michubuko tu. Dada alikuwa amekaa mbele kushoto, na mkono wake wa kulia, aliouegemeza kwenye dashibodi kujizuia, ulivunjika juu ya kifundo cha kiganja. Niliwakuta hospitali mjini, yeye kalala kwenye benchi la korido mkono umefungwa ubao, Idi kasimama juu yake shati limejaa vumbi, na watu wa mtaani wamejaa kama msibani. Mtu akauliza imekuwaje. Idi akasema hajui, breki ziligoma tu, gari likavuta kushoto.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Laiti ningefunga mdomo, au ningeuliza swali moja tu, gia ilikuwa wapi! Nilikuwa nakijua kile kidole chake kinavyosukuma gia kwenye frii. Lakini nilikuwa nimelipenda tundu langu. Nilisikia neno kushoto nikaona hesabu yangu imetimia, nikaisema kwa sauti kubwa kama mwanafunzi anayenyoosha mkono. "Limevuta kwa sababu la kushoto liko wazi na la kulia limeziba! Ungeniacha nimalize, lisingevuta!"

Idi aligeuka polepole. "Mmesikia," akawaambia watu. "Sijasema mimi. Kasema mwenyewe kwamba tundu lake ndilo limevuta gari." Kisha akanizaba kofi mbele yao, akasema nisikanyage kwake tena. Mtu mmoja akamuuliza kama alikuwa kwenye gia, akaapa kwamba alikuwa kwenye gia ndogo tangu juu. Nilimtazama dada. Alikuwa macho, alikuwa anasikia. Aligeuza uso ukutani akaniambia kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, niende tu. Nikaenda. Mkono uliunga vibaya, ukabaki umepinda kwa nje, na miaka ya mwanzo kila harusi na kila sikukuu nilikuwa nikiuona umeshika kikombe cha chai, mpaka nikaacha kwenda kwenye harusi na sikukuu. Nimetengeneza mamia ya mabampa Dodoma. Vijana wenye magari huniletea yale yenye matundu ya uongo wakitaka niyafungue, na kazi hiyo siikubali.

Kwa hiyo siku ya arobaini niliacha sahani kwenye jamvi nikaenda kulitazama lile gari. Dada alinifuata, akasema kuna mtu anataka kulinunua, nilikague. La kushoto lilikuwa vilevile. Bampa lilipasuka mtaroni na kushonwa kwa waya, lakini ukingo wangu bado laini, wavu wa chekeche umeshika kutu na umekaa. La kulia lilikuwa aibu. Lilikatwa kwa kisu cha moto na mtu mwenye hasira au haraka, plastiki imeyeyuka na kuning'inia, na nyuma yake niliona mikunjo ya bomba la vitunguu, kile kipande nilichokiacha chini ya kitanda. Nikalala chali juu ya vumbi na nguo zangu za hitima, nikaingiza mkono nilifuate lile bomba. Halikufika kwenye breki. Hata plastiki ya ndani ya madigadi haikutobolewa. Lilikunjwa likafungwa kwa waya hapohapo nyuma ya bampa, mdomo umeelekea kwenye plastiki. Ukiwa umesimama mbele unaona tundu na bomba. Upepo hauna pa kwenda.

Nikiwa bado chali nilianza kuhesabu upya. La kulia lilikuwa bandia bado. Maana yake miaka kumi na minane, kila Alhamisi, gari lile lilishuka Sekenke upande mmoja uko wazi na mwingine umeziba, sawasawa na siku ile, na hakuna aliyewahi kusema limevuta kushoto tena, na Mzee Salumu mwenyewe alisema breki zilikuwa baridi. Hesabu yangu ya chuo haikuwa kitu bila breki kuungua kwanza. Tundu langu peke yake halikuvunja mkono wa mtu. Kuna jambo jingine lililobadilika, na lilikuwa moja tu. Nikatoka, nikakaa.

"Dada, siku ile alikuwa kwenye frii?"

Hakujifanya hajaelewa. "Alikuwa frii."

"Ulimwona?"

"Nilimwambia arudishe. Alisema nimeanza kuwa kama mdogo wangu." Akakaa kwenye jiwe. "Tangu siku ile hakushuka frii tena. Hata mara moja, mpaka kufa. Hiyo nayo uihesabu."

"Na hili la kulia?"

"Alitoboa wiki ileile, watu waone kwamba sasa yako sawa. Akasema kitu kikishaonekana sawa watu hawaulizi."

Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni, na marehemu hakuwa tena mtu wa kukasirikiwa. "Miaka kumi na minane, dada. Nimekaa bila kuingia nyumba hii. Mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa unaondoka, Hamisi," alisema. "Mimi nilikuwa nabaki."

Mpaka leo ninapoandika sijamsamehe. Nilirudi jamvini na vumbi mgongoni. Mzee Salumu alinisogezea sahani yangu, pilau imeshapoa, akapaza sauti ili wote wasikie. "Huyu hapa ndiye mtani wa marehemu, na tangu afike hajasema neno! Arobaini gani hii isiyo na utani? Haya, shemeji, mseme mwenzako." Watu wakageuka, wakitabasamu mapema. Nilisimama. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema siku ile kuliko mimi.

"Marehemu alishuka Sekenke frii akamvunja dada yangu mkono," nikasema. "Halafu akanisingizia mimi. Na lile tundu la kulia mnalomsifia ni la uongo. Nendeni mkaingize mkono mlifuate bomba lake."

Walicheka. Walicheka uwanja mzima, Mzee Salumu akashika mbavu zake kama ile Ijumaa, akafuta machozi, akasema sasa ndiyo amesikia utani, Mungu amrehemu Idi, angekuwapo angecheka. Mtu akanitilia firigisi kwenye sahani. Dada peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mkono uliopinda ameushika kwa ule mzima, akisubiri wamalize ili akusanye vyombo.